Dhahabu ya Amritsar na Mafundi wa Kericho

Mgeni anayefika Amritsar, kaskazini-magharibi mwa India, hulikuta hekalu kuu la Masingasinga liking'aa katikati ya bwawa, na kitu cha kwanza anachokipiga picha ni dhahabu yake. Wengi hudhani dhahabu hiyo ndiyo jadi yenyewe. Sivyo. Harmandir Sahib lilikamilika mwaka 1604, na kwa miaka zaidi ya 200 halikuwa hekalu la dhahabu. Dhahabu ilikuja zama za Maharaja Ranjit Singh, aliyeitawala Punjab kuanzia 1801 hadi 1839, na marumaru nyingi wanazozikanyaga mahujaji ni za zama hizo au za baadaye. Kinanda kinachosikika humo ndani asili yake ni Ulaya. Taa zilikuwa za samli kabla hazijawa za umeme.

Kwa hiyo anayetaka kuisimulia historia ya gurudwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, kama mvutano wa wazee wanaoshika mila na vijana wanaotaka mapya, atakwama mapema. Kila kizazi kimekiita jadi kile ambacho babu zake walikiona kigeni. Ugomvi mkubwa, ule uliomwaga damu, ulihusu mambo mengine: nani anaruhusiwa kuingia, nani aketi wapi, na funguo ziko mkononi mwa nani. Mashine, umeme na televisheni vilikuja vikakuta maswali hayo yakisubiri, vikapimwa kwayo.

Ngazi za kushuka

Guru Nanak, mwanzilishi wa dini hii aliyeishi kati ya 1469 na 1539, hakuacha jengo la fahari. Aliacha mahali pa kukutania Kartarpur, kando ya mto Ravi, ambako wafuasi wake waliimba, walilima na kula pamoja. Desturi hiyo ya kula pamoja, inayoitwa langari, ilikuzwa na waliomfuata. Mata Khivi, mke wa Guru wa pili, anakumbukwa kwa ukarimu wa jiko lake. Guru wa tatu, Amar Das, aliweka sharti: anayetaka kuonana naye aketi kwanza kwenye safu, chini, ale pamoja na wengine. Masimulizi yanasema hata mfalme Akbar aliketi. Katika jamii ambayo mtu wa tabaka la juu hagusi chakula kilichopikwa na mtu wa tabaka la chini, kukaa safu moja lilikuwa jambo zito kuliko hotuba yoyote.

Guru wa nne, Ram Das, alianza kuchimbisha bwawa mwaka 1577, na mji wa Amritsar ukaota kandokando yake. Mwanawe, Guru Arjan, ndiye aliyejenga hekalu ndani ya maji hayo. Alilipa milango pande zote nne ili lisielekee watu wa upande mmoja. Akaliweka chini kuliko ardhi inayolizunguka, hivi kwamba anayeingia hushuka ngazi badala ya kupanda. Masimulizi ya Masingasinga yanasema jiwe la msingi liliwekwa na Mian Mir, sheikh wa tarika ya Qadiriyya kutoka Lahore.

Mwaka 1604 kitabu kitakatifu kikawekwa humo, na mwaka 1708 Guru wa kumi, Gobind Singh, alipokaribia kufa alitangaza kwamba baada yake hakutakuwa tena na Guru wa nyama na damu. Guru ni Kitabu. Tangu hapo gurudwara ni nyumba anamokaa Guru mwenyewe. Kitabu, Guru Granth Sahib, hufunguliwa alfajiri, hupepewa kwa usinga, hufunikwa vitambaa vya thamani, na usiku hubebwa kichwani kwenda kulazwa. Wanaokuja mbele yake huvua viatu, hufunika vichwa na kuketi sakafuni, kwa kuwa aliyeketi juu ni mmoja tu.

Mwaka 1762 Ahmad Shah Durrani, mtawala wa Waafghani, alililipua hekalu kwa baruti na kulifukia bwawa. Masingasinga walipojenga upya, kuanzia katikati ya miaka ya 1760, walirudisha bwawa, ngazi za kushuka na milango minne. Jengo linaloonekana leo ni hilo la pili. Kilichohifadhiwa kutoka la kwanza ni ramani na maana yake, maana matofali yenyewe yalikwisha kuwa vumbi.

Kuni na funguo

Waingereza walipoitwaa Punjab mwaka 1849, waliona upesi kwamba anayeshika hekalu hili ameshika nyoyo za watu. Wakaweka msimamizi wao. Kando ya bwawa wakasimamisha mnara wa saa wa matofali mekundu, wa mtindo wa makanisa ya Ulaya, uliokamilika mwaka 1874. Mnara huo ulilipita hekalu kwa urefu na haukufanana na chochote kilichouzunguka. Ulidumu miaka 70 hivi ukabomolewa katika miaka ya 1940, na mahali pake likajengwa lango lenye kuba za Kipunjabi. Lango hilo nalo likapewa saa. Mnara wa mtawala ukaondoka, saa ikabaki.

Umeme nao ulikuwa na mjadala wake. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, Raja Bikram Singh wa Faridkot alitoa fedha kwa ajili ya mashine ya kufua umeme na kwa ajili ya jengo jipya la jiko la langari. Wapo waliofurahi, na wapo waliosema taa za samli zimetosha tangu enzi za Maguru. Mjadala ulikuwa mkali magazetini, lakini hakuna aliyekufa kwa ajili ya balbu.

Waliokufa walikufa kwa jambo jingine. Chini ya ulinzi wa Waingereza, mapadri wa kurithishana walikuwa wameyafanya mahekalu mengi kuwa mali ya familia. Sanamu za miungu ziliwekwa kuzunguka bwawa, katika dini isiyoabudu sanamu; ziliondolewa mwaka 1905. Watu wa matabaka ya chini waliofuata dini hii waliruhusiwa kuingia, lakini sadaka zao za halua ya unga na samli, ile inayobarikiwa na kugawiwa kila mtu, hazikupokelewa kama za wengine. Tarehe 12 Oktoba 1920 kundi la watu hao, likisindikizwa na wanamageuzi waliopinga hali hiyo, lilikwenda Harmandir Sahib na sadaka yake. Mapadri wakakataa. Baada ya mabishano wakakubaliana Kitabu kifunguliwe, aya itakayojitokeza iamue. Aya ikawa upande wa waliokataliwa. Sadaka ikapokelewa, na mapadri wa Akal Takht, kiti cha mamlaka kilicho mkabala na hekalu, wakakimbia wakaacha zamu yao. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Novemba, ikaundwa halmashauri ya kusimamia mahekalu yote, ijulikanayo kwa herufi SGPC.

Kilichofuata ni miaka mitano ya moto. Februari 1921, huko Nankana Sahib, alikozaliwa Guru Nanak, watu wa msimamizi wa hekalu waliwaua makumi ya wanamageuzi waliokuja bila kushambulia. Novemba mwaka huohuo serikali ilichukua funguo za hazina ya Harmandir Sahib. Masingasinga wakajazana magerezani mpaka Januari 1922 funguo zikarudishwa hadharani, na Gandhi akawapongeza kwa simu ya maandishi. Agosti 1922, huko Guru ka Bagh, ugomvi ukawa wa kuni. Watu walikamatwa kwa kukata miti katika shamba la hekalu, kuni za kupikia langari, kwa hoja kwamba miti ni mali ya msimamizi. Kila siku kundi jipya lilikwenda, likapigwa marungu na polisi bila kuinua mkono, na kesho yake likaja jingine.

Mwaka 1925 sheria ilipitishwa. Mahekalu yakawekwa chini ya bodi inayochaguliwa kwa kura na waumini, wanawake wakiwa miongoni mwa wapigakura. Kwa nyumba ya ibada, hayo yalikuwa mageuzi ya kisasa kuliko balbu yoyote, na walioyadai waliyaita kurudi kwenye asili.

Reli, mabati na chapati

Wakati Amritsar ikibishania umeme, reli ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa kwenda Kisumu. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka India. Miongoni mwao walikuwamo Masingasinga wengi wenye fani: maseremala, wahunzi, waashi, wenye kujua chuma na mbao. Kazi ilipokwisha wengi wa vibarua wa India walirudi kwao, wengine wakabaki katika karakana za reli na kufungua za kwao mijini.

Popote reli ilipotulia, gurudwara ilifuata. Huko Makindu, kituo kilichokuwa na karakana katika nyika ya Ukambani, wafanyakazi wa reli walijenga yao mwaka 1926. Hapakuwa na Maharaja wa kutoa marumaru. Palikuwa na mafundi, na fundi hujenga kwa alichonacho. Reli ilipopungukiwa na shughuli na Masingasinga wengi wakahamia miji mikubwa, nyumba ile ilibaki, na barabara ya Mombasa–Nairobi ikaipa kazi mpya. Hadi leo msafiri yeyote, dereva wa lori au familia iendayo pwani, anaweza kuingia, akavua viatu, akafunga kitambaa kichwani, akala dengu na chapati na kunywa chai bila kudaiwa senti. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Makindu hawakupi jembe, ingawa beseni la vyombo lipo wazi kwa mwenye kutaka kuosha.

Tofauti na Punjab, hapa gurudwara ilibidi iwe vitu vingi kwa pamoja: mahali pa ibada, nyumba ya wageni, shule ya lugha, baraza la wazee. Pia ilibeba kasoro iliyotoka nayo nyumbani. Nairobi ilikuja kuwa na gurudwara zilizofuata koo na fani, mafundi na yao, wengine na yao, huku zote zikisoma Kitabu kimoja kinachokataa matabaka.

Meza za Canada

Wengine walivuka bahari ya upande mwingine. Katika jimbo la British Columbia, Canada, Masingasinga waliofanya kazi kwenye viwanda vya mbao walijenga gurudwara ya Vancouver mwaka 1908, na ile ya Abbotsford mwaka 1911, ambayo bado imesimama. Baadaye kumbi za kulia za baadhi ya gurudwara za huko zikaingiza meza na viti. Miongo ikapita. Watoto wakazaliwa na kuzeeka wakila langari mezani, na kwao hiyo ndiyo ikawa desturi.

Katika miaka ya 1990 swali likaibuka kwa kishindo. Waliotaka viti vitolewe walisema safu ya sakafuni ndiyo langari yenyewe, na aliyeigusa amegusa agizo la Guru Amar Das. Waliotaka vibaki walisema usawa ni kula chakula kimoja, mahali pamoja, pasipo cheo. Mzee mwenye magoti mabovu hapungukiwi na imani kwa kukalia kiti. Kanuni za maadili zilizopitishwa na SGPC mwaka 1945 zinakataza kukaa kwenye kiti mbele ya Kitabu, lakini ukumbi wa chakula ni chumba kingine. Nyuma ya viti palikuwa na ugomvi wa nani aongoze gurudwara, na fedha na siasa zilizokwenda nao. Januari 1997, katika gurudwara moja ya mji wa Surrey, ngumi zikageuka silaha, watu wakajeruhiwa na polisi wakaingia ndani.

Aprili 1998 Akal Takht ikatoa amri kwamba langari iliwe sakafuni, na viongozi waliokaidi wakatengwa na jamii ya waumini. Amri haikumaliza mjadala. Gurudwara nyingi duniani leo hula mkekani na kuweka benchi au viti vichache pembeni kwa wazee na wagonjwa, na kidogo kidogo watu wamezoea hivyo.

Ajabu ni kwamba katika jiko la Amritsar kwenyewe, mashine ziliingia pasipo vita. Hekalu hulisha watu kati ya 50,000 na 100,000 kwa siku, na idadi hiyo haipikiki kwa mikono mitupu. Gesi iko jikoni pamoja na kuni. Mashine ya chapati hupokea unga upande mmoja na kutoa chapati zilizoiva upande wa pili, zikianguka kwenye vikapu. Lakini nenda ukumbini. Mgawaji bado hupita kati ya safu akiwa peku, na anayepokea chapati huinua viganja viwili vilivyounganishwa, haichukui yeye kwenye sahani. Mashine inakanda na kuoka. Kugawa, kupokea, kumenya vitunguu na kuosha sahani vimeachiwa watu, kwa kuwa huko ndiko tajiri na maskini hukutana bega kwa bega. Mashine ya Amritsar haikumwinua mtu yeyote kutoka sakafuni, na meza za Canada ziliwainua wote. Ndiyo sababu moja ilipita na nyingine ikazua ugomvi.

Kutoka Kericho hadi kwenye kuba

Katika miaka ya 1960 na 1970 siasa za Afrika Mashariki ziliwahamisha Masingasinga wengi kwenda Uingereza. Uganda, Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972. Mmoja wa waliohama ni Puran Singh, fundi na kiongozi wa ibada aliyeishi Kericho, katika nchi ya mashamba ya chai. Alitia nanga Birmingham, na hapo likazaliwa kundi la Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha, lenye gurudwara yake Soho Road, mtaa wa Handsworth. Hata baada ya kifo chake mwaka 1983 waumini waliendelea kumwita kwa jina la mji wake wa Kenya.

Kufikia miaka ya 1990 dhahabu ya Ranjit Singh ilikuwa imechakaa. Mwaka 1995 SGPC ilikabidhi kazi ya kuifanya upya kwa kundi hilo la Birmingham, likiongozwa na Mohinder Singh, mhandisi aliyezaliwa Uganda mwaka 1939 na aliyewahi kufanya kazi Zambia. Watu waliolelewa katika gurudwara za mabati na reli wakapewa paa la hekalu kuu la dini yao.

Teknolojia ya kisasa inaweza kupaka dhahabu kwa umeme upesi na bila moshi. Waliokabidhiwa kazi walichagua njia ya zamani. Bamba la shaba lilisafishwa mpaka lisibaki na mafuta wala kutu, likapakwa zebaki, juu yake ikalazwa karatasi ya dhahabu iliyogongwa hadi kuwa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kisha bamba likapitishwa motoni, zebaki ikatoka kama mvuke, dhahabu ikabaki imeng'ata shaba. Tabaka juu ya tabaka. Wajitoleaji kutoka nchi mbalimbali walifanya kazi bila mshahara pamoja na mafundi wa Punjab, kwa dhahabu na fedha zilizochangwa na waumini. Kazi ilikamilika mwaka 1999, mwaka ambao Masingasinga waliadhimisha miaka 300 ya udugu wa Khalsa.

Kazi ya kujitolea ya namna hiyo, kar seva, ndiyo njia ya jadi ya kutunza gurudwara. Mwaka 1923 maelfu walijitwika matope ya bwawa la Amritsar, na mwaka 2004 bwawa likafungiwa mtambo wa kuchuja maji, kwa sababu hiyohiyo ya kutaka maji yawe safi.

Sululu za usiku

Lakini kar seva hiyohiyo imefuta mengi. Katika miaka ya 1940 nyumba za wageni za karne ya 18 zilizolizunguka bwawa zilibomolewa ili kupanua njia ya mahujaji; ile ya Ramgarhia, yenye minara miwili, ni miongoni mwa chache zilizosalia. Kote Punjab, michoro ya ukutani ya karne ya 19 imefunikwa na marumaru nyeupe na vigae, kwa nia njema kabisa, na mtu aliyetoa fedha zake kwa ajili ya Mungu huwa hapendi kuambiwa ameharibu.

Ilibidi itokee Tarn Taran ndipo watu washtuke. Lango la kuingilia hekalu la mji huo, la zama za ufalme wa Masingasinga, lilikuwa na umri wa takriban miaka 200. SGPC iliamua mwaka 2018 libomolewe lijengwe jipya, wakazi wakapinga, kazi ikasimama. Usiku wa tarehe 30 Machi 2019 kundi la kar seva likaja na nyundo na sululu likaanza kuangusha sehemu ya juu. Waumini wakatoka majumbani wakawazuia kwa miili yao. SGPC ikawaondoa waliohusika katika kazi hiyo. Safari hii waliopigania matofali ya kale walikuwa waumini wa kawaida, na waliotaka jengo jipya walikuwa wasimamizi wa hekalu.

Kinanda na sauti

Mabishano ya leo yamehamia kwenye sauti. Mei 2022 mkuu wa Akal Takht alielekeza kwamba kinanda cha hamoniamu, kilichoingia Harmandir Sahib mwanzoni mwa karne ya 20, kiondolewe polepole na ala za nyuzi za zama za Maguru zirudi. Wapenzi wa taarabu ya Mombasa na Lamu wanakijua kinanda hicho, kwa kuwa huku nako kilikuja kikakaa kikawa cha nyumbani. Mwaka 2023, mkataba na kituo kimoja cha televisheni ulipokwisha, SGPC ilianza kurusha nyimbo za hekaluni kwenye chaneli yake ya YouTube. Mwaka mmoja wanarudisha nyuzi za karne ya 16, mwaka unaofuata wanazirusha kwa intaneti. Hakuna aliyeona mgongano, na kwa kweli haupo: ya kwanza inahusu nini kiimbwe nacho, ya pili inahusu nani anafungua mlango wa kusikiliza.

Lakini nyimbo hizo zinapotoka ndani ya Harmandir Sahib, zinatoka vinywani mwa wanaume. Tarehe 7 Novemba 2019 Bunge la Punjab lilipitisha azimio la kuziomba mamlaka za hekalu ziwaruhusu wanawake kuimba humo. Mwanamke ambaye tangu sheria ya 1925 ana kura ya kuwachagua wasimamizi wa hekalu hana nafasi ya kuimba mbele ya Kitabu katika chumba chake cha ndani. Wanaokataa wanasema ndivyo ilivyokuwa siku zote. Wanaodai hawakutafuta hoja nje ya dini. Wanataja maneno ya Guru Nanak kuhusu heshima ya mwanamke na wanamtaja Mata Khivi, ambaye jina lake limo ndani ya Kitabu chenyewe.

Hoja ya namna hiyo ndiyo iliyopokelesha sadaka ya wanyonge mwaka 1920. Ilichukua miaka mingi kufika mlangoni, na siku ilipofika haikuhitaji jambo lolote jipya, zaidi ya kukifungua Kitabu na kusoma kwa sauti.